Digrii ya unesi ya onlaini, inatambulika hapa kwetu au naenda kupigwa?

NesiWaKongwa

Wakuu habari za jioni, poleni na vumbi la huko mjini. Mimi ni nesi wa diploma, huu mwaka wa sita nipo kituo cha afya huku wilaya ya Kongwa, nimeshathibitishwa kazini, nina watoto wawili na mdogo ndo kaanza chekechea. Nimetamani digrii siku nyingi maana nimechoka kuwa Afisa Muuguzi Msaidizi, kila mwaka wanaletwa wadogo zangu na digrii zao napangiwa niwaelekeze kutafuta mshipa halafu mwisho wa mwezi wananipita mshahara. Ruhusa ya masomo nimeomba mara mbili. Mara ya kwanza nikaambiwa simo kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka huo, mara ya pili nikaambiwa dada mpo wanne tu, ukiondoka leba nani anabaki.

Sasa juzi nikakutana na tangazo, digrii ya unesi ya Marekani miezi 18 yote onlaini, unasomea kwenye simu, huachi kazi, ada jumla dola 2,400 unalipa kwa awamu. Nikawacheki WhatsApp nikiwa naiti, saa nane usiku, jamaa akajibu hapohapo kama vile na yeye yupo zamu. Anataka dola 300 kabla ya ijumaa eti nafasi zimebaki tano. Mume wangu anasema tuuze mahindi yaliyobaki ndani tulipe, na hapo ndo roho imeanza kunidunda. Kuna mtu kasoma hivi? Baraza litanipa leseni ya digrii kweli?

Mzee_wa_Nala

Nafasi zimebaki tano kwenye intaneti? Kwani viti vimeisha? 😂 Usiuze mahindi mwanangu, subiri kwanza wenye kazi yao waje waseme.

SistaMnyamavu

Nesi mwenzangu pole, hizo ruhusa tumezililia wengi. Ila ngoja nikwambie kitu usije kulia mara mbili.

Kuna milango miwili lazima upite na hakuna unaoruka. Wa kwanza TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, hao ndo wanaoitambua tuzo ya chuo cha nje, ukija na digrii ya Marekani au India au popote wanaangalia chuo kilikuwa na ithibati huko kwao au la. Wa pili Baraza la Uuguzi na Ukunga, hawa hata cheti chako kiwe kizuri vipi wanataka kujua ulifanya mazoezi wapi, wodi gani, nani alikusimamia. Sasa huyo wa miezi 18 ya simu muulize swali moja tu, prosija, yaani vile vitendo vya wodini, nitafanyia wapi na nani atasaini. Akikwambia kuna video, muage kwa heshima.

Digrii ya unesi hapa kwetu ni miaka minne, UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wanasoma minne, St John's pale Mazengo minne, na sio kwamba wanapenda kuwachelewesha watu. Muda mwingi unaishia wodini.

KijanaWaMakulu

Samahani mimi sio mtu wa afya lakini naona kama mnaonea onlaini. Mbona watu wanasoma uhasibu, sheria, uongozi wote kwa masafa, Chuo Kikuu Huria kipo tangu 1992 na wahitimu wake wapo maofisini wanapiga kazi vizuri tu. Kwanini unesi uonekane hauwezekani, au ni wivu wa waliosota darasani?

LebaUsiku

@KijanaWaMakulu sio wivu kaka. Ngoja nikupe mfano mmoja. Mama kajifungua, kondo limetoka, damu haikatiki. Sindano ya oksitosini umeshachoma, sasa unaweka kiganja juu ya tumbo chini ya kitovu unasugua, na pale chini ya mkono kuna kitu laini, ndo mji wa mimba wenyewe, kama unga uliozidi maji, unasugua huku unaongea na mama asilale, unasugua, mpaka ghafla unasikia kinakaza kinakuwa kama mpira. Hapo ndo unapumua. Sasa niambie video gani itakufundisha ule ulaini na ule ugumu. Mimi nimeangalia video nyingi tu kabla sijaingia leba na siku ya kwanza sista aliuchukua mkono wangu akauweka yeye mwenyewe akasema "hapa, sikia".

Hata mafunzo ya kumsaidia mtoto asiyelia tunafanya na mdoli, mnarudia mara kwa mara hapohapo kazini, kwa sababu una dakika moja tu ya kumfanya avute hewa, ukianza kukumbuka slaidi imekula kwako.

Lakini nadharia? Nadharia soma popote hata juu ya mkorosho. Patholojia, utafiti, takwimu, uongozi, hivyo vyote laptopu inatosha ukiwa na bando na umeme usipokatika.

Mgogo_Ughaibuni

Mbukwenyi! Nipo Marekani, mke wangu ni nesi huku, nieleze hilo tangazo linawachanganya wapi.

Ni kweli digrii za unesi za onlaini huku zipo na ni halali na ni nyingi. Ila karibu zote ni za mtu ambaye TAYARI ni nesi mwenye leseni ya jimbo, kasoma ngazi ya chini, kafaulu mtihani wa leseni wa huku unaitwa NCLEX, yupo kazini. Huyo anaongezewa utafiti, uongozi, afya ya jamii, ndo maana inawezekana kusomea nyumbani, mikono yake ilishafundishwa wodini zamani. Na bado anapewa masaa ya vitendo kwenye eneo analoishi. Chuo chenyewe kinatakiwa kiwe na ithibati ya CCNE au ACEN, hao wawili ndo wakaguzi wakubwa wa vyuo vya unesi, na orodha zao zipo wazi unatafuta jina la chuo mwenyewe. Kwahiyo wewe upo Kongwa huna leseni ya jimbo lolote la Marekani, chuo cha maana kitakukwamisha hapohapo kwenye fomu. Kisichokukwamisha ndo cha kuogopa.

Na msidhani utapeli ni wa kwetu tu. Januari 2023 serikali ya huku ilitangaza kesi ya vyeti feki vya unesi vilivyouzwa kutoka vyuo vya Florida, zaidi ya vyeti 7,600, watu 25 wakashtakiwa. Waliovinunua kuna waliofaulu mtihani wa leseni na walikuwa wanahudumia wagonjwa. Wengine leseni zikafutwa. Yaani hela imeenda na kazi imeenda.

Bahi_Road

Naongea kwa uchungu kidogo. Mimi nililipa. Sitaji chuo, nililipa kozi ya nje kwa awamu tatu, nikawa nasoma usiku kwa bando la usiku, mitihani ya kuchagua tu a b c d, nilikuwa nafaulu mpaka nikashangaa akili zangu. Cheti kikaja kwa DHL, kimepigwa muhuri wa dhahabu unang'aa kama sahani ya harusi. Nikapeleka kutambuliwa, jibu likaja chuo hakina ithibati kwao. Ile bahasha nimeificha juu ya kabati, mke wangu anajua nilifeli mtihani hajui zaidi ya hapo.

Mzee_wa_Nala

Pole sana kijana. Ila mwambie mkeo, siri za hela hazikai kabatini.

TreniYaSaaKumiNaMbili

Dada Kongwa usikate tamaa kuna njia ya katikati. Pale Dar Aga Khan wana programu ya wenye diploma waliopo kazini, wiki unaingia darasani siku chache, zilizobaki upo kituoni kwako. Mimi nipo Dodoma mjini niliongea na incharge wangu na metroni tukapanga zamu, off zangu zote nikazirundika kwenye siku za darasa, naiti nikawa nazibeba mimi ili wenzangu wasinune. Kabla ya SGR, hii treni ya umeme, nisingethubutu, basi lilikuwa linakula siku nzima na mgongo. Sasa hivi masaa matatu na kitu upo Dar, daraja la kawaida mwaka 2024 lilikuwa 31,000, nasoma humohumo kwenye treni, meza ipo na chaji ipo. Sikudanganyi ni rahisi, nauli kwenda na kurudi ukijumlisha mwezi mzima inauma, na kuna siku nimelala kwenye sakafu ya binamu yangu Mbagala na sare begani. Wewe wa Kongwa kuna kipande cha mpaka mjini nacho kihesabu.

Nyingine, ruhusa usiombe kwa mdomo. Andika barua, pitisha kwa DMO (mganga mkuu wa wilaya) ifike kwa Mkurugenzi, na omba jina liingie kwenye mpango wa mafunzo kabla bajeti haijapangwa, sio baada. Mimi nilikataliwa mwaka wa kwanza kwa kuchelewa tu.

SistaMnyamavu

Naunga mkono hapo kwenye barua. Na kabla ya yote fungua kitabu cha mwongozo cha TCU uangalie sifa, wenye diploma wanaangalia GPA isiwe chini ya 3.0 halafu wanarudi mpaka cheti cha form four, bailojia, kemia, fizikia. Watu wengi wana diploma nzuri wanakwama kule nyuma.

Hizo kozi za bure za mtandaoni kama za Shirika la Afya Duniani (WHO) usizidharau, nazifanya kila nikipata nafasi, zinanoa akili. Ila ni cheti cha kozi, sio digrii, usichanganye.

NesiWaKongwa

Nimesoma yote mpaka nimesahau chai kwenye jiko. Asanteni sana. Jamaa wa WhatsApp nimemuuliza prosija nafanyia wapi, akanijibu "usijali dada mfumo unajitosheleza", nikamuuliza CCNE au ACEN, tiki za bluu tangu jana mchana kimya.

GPA yangu 3.6 hapo nipo salama. Ila @SistaMnyamavu umenigusa kidonda, fizikia form four nina F. Mwalimu tulikuwa hatuna mwaka mzima. Bailojia C, kemia D. Hapo inakuwaje?

SistaMnyamavu

Unarudia hilo somo moja kama mtahiniwa wa kujitegemea wa NECTA (Baraza la Mitihani), mtihani ni novemba, usajili unafunguliwa mapema mwanzoni mwa mwaka kwahiyo usisubiri. Nilikuwa na wenzangu watatu darasani waliorudia hivyohivyo wakiwa na watoto.

Mzee_wa_Nala

Kijana wangu anafundisha fizikia tuisheni hapo Kibaigwa jumamosi na jumapili, njoo PM nikupe namba yake. Ada yake haifiki hata gunia moja.