Pesa za afya ya akili Nairobi: tuongeze vitanda ama zishuke dispensari ya mtaa?

Kijana wa Kariobangi

Wasee tujadiliane hii maneno bila matusi. Kila mwaka kabla mwezi wa pili uishe kaunti lazima ipeleke bungeni ile karatasi ya mwelekeo wa bajeti, na kabla ya hapo tunaitwa kwa wodi ati tutoe maoni, na kila mwaka tunaongea barabara, taa na mitaro tu basi. Safari hii mimi nataka tuseme afya ya akili, na tuseme ikiwa mtaani si Thika Road.

Mathari, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Thika Road, iko pale tangu 1910, enzi ya mkoloni, na mpaka leo mtu akiruka akili Nairobi hii jibu la kila mtu ni moja, mpelekeni Mathari. Uko Kayole, Mathari. Uko Kawangware, Mathari. Sasa chukua mtu wa Kawangware ako na kliniki kila mwezi ya kudungwa sindano na kuchukua dawa, apande mat mpaka tao, avuke atafute za Thika Road, jioni arudi hivo hivo, na yule wa kumsindikiza pia analipa fea na siku hiyo mjengo hajaenda so pesa ya kibarua imeenda pia. Mwezi wa kwanza wataenda. Wa pili wataenda. Wa tatu landlord amefunga mlango na kufuli mpya, wanaruka kliniki. Mgonjwa anakaa poa kitambo bila dawa, nyumbani wanasema huyu amepona, alafu usiku fulani anaanza kuongea na ukuta na hataki kuvaa nguo. Jaribu kumpandisha matatu akiwa hivo. Konda anamwangalia mara moja tu anagonga gari, twende. Inabidi mkodishe Probox na dereva anaitisha pesa ni kama mnaenda Nakuru.

Na msiniambie kaunti ipanue Mathari, Mathari ni ya serikali kuu. Sheria ya Afya ya Akili ilibadilishwa 2022 na ndani yake kaunti zimepewa jukumu la kutoa hizi huduma kwa vituo vyao. So pesa yetu ya kaunti nataka ikae kwa dispensari na health senta. Nairobi ina kaunti ndogo 17, kila moja angalau kituo kimoja kiwe na nesi wa akili ambaye hahamishwi kila saa, dawa za kawaida zisikose, na CHP, yule mhudumu wa afya wa jamii anayezunguka nyumba kwa nyumba, alipwe kitu juu ya kumfuatilia mtu ameruka kliniki. Vitanda vije baadaye. Haya nirukieni.

Nesi Mstaafu

Kijana wangu, umesema vizuri kuhusu nauli, hapo sikupingi. Lakini nimefanya kazi wadi za akili miaka mingi na nakwambia hilo la "vitanda vije baadaye" ni hatari. Dispensari inafunga jioni. Mtu akishika panga saa nane usiku, anasikia sauti zinamwambia mama yake ni adui, utampeleka wapi? Huyo anataka kitanda usiku huo huo, na nesi wawili watatu wanaojua kumshika bila kumvunja mkono.

Pili, mnaongea juu ya sindano ni kama chanjo ya polio. Modecate, hiyo sindano yenyewe, ni dawa nzuri, ni ya zamani, bei yake iko chini, unadunga mara moja kwa mwezi hivi. Lakini ukimdunga mtu kisha umwache, anaweza kurudi nyumbani shingo imepinda, ulimi mzito, mate yanatoka, mikono inatetemeka. Tunampa Artane inatulia. Sasa dispensari yako iwe na Modecate halafu Artane imeisha, familia itamwangalia iseme wamemharibia mtoto, watampeleka kwa maombi na hutamwona tena. Nimewaona wengi wa hivyo. Ndiyo maana nasema kwanza wadi ndogo ya akili ndani ya hospitali za kaunti, watu wafunzwe hapo, ndipo mteremke dispensari.

Mlala Hoi Pipeline

Nesi amefunga hii stori, twendeni nyumbani 😂

Anti wa Dandora (CHP)

Hapana hatuendi nyumbani. Mimi ndio CHP mnaniongelea hapa na hakuna ameniuliza.

Tulipewa mikoba 2023, ndani kuna mashine ya presha, ya sukari, mizani, simu ya kuandikia ripoti. Kazi ya akili inafanywa na mdomo tu na masikio. Kuna yale maswali 9 ya dipresheni, ati wiki 2 zilizopita umekosa usingizi, umekosa hamu ya kula, umefikiri afadhali ufe. Sasa nyumba ni ya mabati 10 kwa 10, mama amekaa kwa kitanda, mamake mzee yuko nyuma ya pazia anapika, watoto wanafanya homuwaki kwa ndoo, mimi namuuliza kama anafikiria kufa. Atanijibu nini? Atasema niko sawa anti, ni stresi tu ya rent. Namtoa nje tunasimama kwa kamba ya nguo, hapo ndio anaanza kulia. Hiyo nyumba moja imekula asubuhi yangu yote na niko na zingine nyingi hapo chini.

Na pesa mnaijua, mpango ulikuwa elfu 5 kwa mwezi, nusu serikali kuu nusu kaunti. Hata ikifika tarehe 1 kila mwezi hiyo si mshahara. Kijana anasema nilipwe kitu kidogo juu, nimeskia, lakini aseme ni ngapi na itoke wapi, ju hii maneno ya "CHP atafanya" tumeizoea, chanjo CHP, choo CHP, TB CHP, sasa wazimu pia CHP.

Jirani wa Ploti

Mimi sitaki CHP kabisa kwa hii. Wetu ni mama wa chama, tunakaa naye ploti moja, tunachota maji pamoja. Nikimwambia nameza dawa za akili kufika Jumapili kanisa nzima inaniombea kwa jina. Afadhali niende mbali penye hakuna ananijua, hata kama ni fea mbili.

Mswahili wa South B

Jirani hoja yako ni nzito, lakini mambo haya yamekwisha jaribiwa. Harare, mtaa wa Mbare, daktari wa akili aitwaye Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza mabibi wa mtaa wakae kwenye benchi nje ya kliniki, mtu anakuja anazungumza, bibi anamsaidia kuchagua tatizo moja waanze nalo. Walipofanyiwa utafiti ikaonekana watu wanapata nafuu kweli. Na siri haikuwashinda, maana bibi ana heshima yake ya kulinda.

Wala tusiende mbali, hapa hapa Nairobi pembezoni utafiti uliochapishwa 2017 uliwachukua wanawake waliopitia ukatili, wakahudumiwa na wahudumu wa afya wa jamii ambao hawakusomea saikolojia, vikao 5 tu, mbinu ya Shirika la Afya Duniani. Baada ya miezi 3 walikuwa na nafuu kuliko wenzao waliopelekwa kwa nesi kama kawaida. Kwa hiyo Anti wa Dandora akifunzwa, anaweza. Suala ni kufunzwa, kuwa na mtu juu yake wa kumsikiliza yeye pia, na kulipwa.

Nesi Mstaafu

Mswahili, hao mabibi wanasaidia huzuni na mawazo mengi. Skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti, haikai kwa benchi. Msichanganye.

Mlipa Ushuru

Naona kila mtu hapa anatumia pesa yangu. Ripoti tunazo tele, jopo la Daktari Frank Njenga lilitoa yake 2020 likataka ugonjwa wa akili utangazwe janga la kitaifa. Hiyo ni karatasi. Swali langu ni simpo, nusu ya hao vijana mnawaita wagonjwa si ni chang'aa na bangi? Mtu amejitakia, mimi nilipe?

Kijana wa Kariobangi

@Mlipa Ushuru hiyo "nusu" umeitoa wapi, na hata ikiwa ni kweli pia hiyo ni ugonjwa na inatibika. Wale wa heroini wanapewa methadoni Mathari na Ngara, wanaenda kila siku, watu wamerudi kufanya kazi. Hata wewe unalipa tayari, hujui tu. Mtu asipopata dawa ya shilingi kidogo mtaani unamlipia polisi, seli, korti, na wadi baadaye.

Dada Mkubwa

Na hapo kwa polisi, kumbukeni mpaka juzi kujaribu kujiua ilikuwa kosa, jela mpaka miaka 2, na ni Januari 2025 ndio Mahakama Kuu ilisema hicho kifungu kinapingana na katiba. Kwa mtaa bado watu hawajui. Jirani yetu alikunywa dawa ya panya na familia ilikaa naye ndani ikimpa maziwa ju waliogopa hospitali itaita polisi. Kama kuna mtu anasoma hapa na yuko hapo, piga 1199, ni ya Msalaba Mwekundu na ni bure.

Sasa mimi niongee kama mtu analea mgonjwa. Ndugu yangu anakunywa dawa karibu tangu amalize fomu 4. Nesi ako sahihi juu ya shingo kupinda, tumeona. Lakini kuna kitu hakuna ametaja hapa: zile dawa zingine zinatia njaa. Njaa kubwa, sio ya mchezo. Anamaliza sufuria ya ugali ya watu watatu na bado anatafuta. Sasa kwa nyumba penye tunakula mara moja, yeye mwenyewe anaona aibu, anaacha dawa ili asile chakula ya watoto. Daktari akimuuliza mbona umeacha anasema nilisahau. Hiyo utaijua tu ukiwa unaishi karibu na yeye, mtu wa Thika Road hawezi ijua, na ndio maana niko upande wa kijana.

Kuhusu malipo, SHA, ile bima ya afya ya serikali, kwa dispensari na health senta ni bure ukishajisajili, sawa. Lakini ukitumwa hospitali kubwa lazima uwe umelipa, na sisi wa jua kali tunalipa mwaka mzima mara moja. Ile ya chini kabisa ni 300 kwa mwezi, so ni 3,600 kwa mpigo. Kwa hivyo Nesi, vitanda vyako tutavifikia na nini? Na huku chini penye ni bure, kituo karibu na kwetu, sitakitaja, mara nyingi nafika naandikiwa karatasi niende kemia. Bure ya karatasi.

Mlala Hoi Pipeline

Bure ya karatasi 😭 nimeiba hiyo

Nesi Mstaafu

Dada, hilo la njaa ni kweli kabisa na kwa wadi hatulioni, kwa sababu wadi wanakula mara tatu. Pole na kazi ya kulea. Lakini bado nakuuliza, ile siku ndugu yako alikataa dawa kabisa na akawa mkali, nani alimshika?

Dada Mkubwa

Vijana wa bodaboda stage. Walimfunga na kamba ya kubebea mizigo.

Nesi Mstaafu

Basi umenijibu.

Kijana wa Kariobangi

Nesi mimi naona hiyo kamba inanisaidia mimi. Angekuwa na nesi anamjua, yuko umbali wa kutembea, dawa iko, angefika kuwa mkali? Wachache wangefika, nakubali, na hao wachache wapate vitanda. Lakini ukijenga wadi kwanza itajaa hawa hawa walioruka kliniki juu ya fea na njaa, alafu mwaka ujao utaitisha wadi ingine. Pesa ni moja. Mimi bado nasema dawa na nesi kwanza. Na Jirani wa Ploti, kama CHP wako humuamini uwe na haki ya kuchagua wa kijiji kingine, hiyo haina gharama.

Jirani wa Ploti

Wa kijiji kingine nakubali. Asivae ile jaketi akija.

Nesi Mstaafu

Nitakuja kwa hicho kikao cha wodi na karatasi yangu ya vitanda, na nitakupinga mbele ya watu. Ila pale umeandika "dawa" uongeze Artane kwa jina lake, na uandike ziagizwe pamoja na Modecate. Ukiacha "dawa za akili" tu wataleta moja waseme wametimiza.

Anti wa Dandora (CHP)

Na ya CHP iandikwe laini yake peke yake. Ikisemwa itatoka kwa ile elfu 5, mimi na wenzangu tutakuja hicho kikao kuwapigia kelele nyote wawili.