Tupeane uzoefu: mnaikingaje mipilipili baridi ikikaribia?

Wakuu, habari za jioni. Bustanini nina mipilipili 14, hoho na zile kali, na msimu wa baridi ndio huo unabisha hodi. Mwaka jana niliipoteza yote usiku mmoja. Jioni anga lilikuwa jeupe, upepo umetulia, nikalala bila wasiwasi. Alfajiri nakuta jalidi (ile barafu nyembamba ya alfajiri) imetanda, majani yamelegea kama mchicha uliochemshwa, hoho ukizishika zinabonyea. Niliumia sana. Kumbe usiku wa namna ile ndio wa kuogopa: hakuna wingu la kuzuia joto la ardhi lisipotee angani. Mnaofanikiwa, naombeni mnielekeze.

Mchangiaji wa 1: Pole sana mkuu. Mimi natumia mashuka ya zamani. Mwanzoni nilikuwa nalifunga shuka kwenye shina, mti unakuwa kama kifurushi, na bado majani yanaungua. Joto lenyewe linatoka ardhini, mimi nalifungia nje! Siku hizi shuka naliachia lifike chini pande zote, pembeni nagandamiza kwa mawe. Nafunika kabla jua halijazama, asubuhi kukipata joto nafunua. Na mchana namwagilia udongo, maana udongo wenye unyevu hutunza joto kuliko mkavu.

Mchangiaji wa 2: Nyongeza tu: ukitumia nailoni, simika vijiti isiguse majani. Yangu iliungua pale pale nailoni ilipogusa.

Mchangiaji wa 3: Ndugu zangu, msisubiri jalidi. Usiku ukishuka chini ya nyuzi joto 13 hivi, maua huanza kupukutika. Kama mwezi mmoja kabla ya baridi kali mimi nayachuma maua yote mapya, kwa sababu tunda lake halitawahi kukomaa. Nguvu iende kwa yaliyopo. Roho inauma, lakini nayachuma. Matunda yaliyoanza kubadilika rangi yanaivia ndani ya nyumba vizuri tu. Ya kijani, pika.

Mchangiaji wa 4: Kwa nini muiache ife? Mpilipili si mmea wa msimu mmoja, ukikingwa na baridi unaishi miaka. Wangu mmoja unaingia wa nne. Nang'oa na mizizi yake kabla ya jalidi, napogoa hadi ibaki panda kama ya manati, naupanda kwenye ndoo yenye matundu chini. Kagua wadudu mafuta, vile vidudu vidogo vinavyofyonza utomvu wa majani, kabla hujauingiza ndani, wakiingia nao watazaliana humo. Weka mahali penye nyuzi 10 hadi 15, maji kidogo sana, pale tu udongo ukikauka. Utadhani umekufa. Kwangua gome kwa ukucha: ukiona kijani, upo hai. Joto likirudi, utoe nje kidogo kidogo, saa chache kwa siku.

Mwanzisha mada: Hoho nazo zinakubali, mkuu?

Mchangiaji wa 4: Zinakubali, ila kali ndizo zinazostahimili zaidi kwa uzoefu wangu. Chagua mti wenye afya, ule dhaifu usiuhangaikie.

Mwanzisha mada: Asanteni sana. Nimeshachagua mitatu ya kuhamishia kwenye ndoo. Leo anga ni jeupe tena, udongo nimemwagilia mchana, mashuka ninayo mkononi. Natoka kutafuta mawe kabla jua halijazama.