Darasa la Kijerumani tunakutana Tempelhofer Feld, kila mtu alete chakula cha kwao. Nibebe nini?

BintiPangani
Habari zenu wanajamvi, hasa mliopo Ujerumani. Niko Berlin tangu Aprili, nasoma Kijerumani Volkshochschule, yaani chuo cha elimu ya watu wazima, na darasa letu ni dunia nzima imejazana chumba kimoja, kuna Wasyria, Wayukreni, dada wa Kolombia, Wavietinamu, kaka mmoja wa India, Mwafrika niko peke yangu. Sasa mwalimu kaandika kwenye grupu la wasap eti Jumapili tukutane Tempelhofer Feld, ile bustani kubwa ya wazi, saa saba mchana, tutachoma nyama, kila mtu aje na kitu cha kwao.

Mimi kwetu nimezoea mwenye shughuli ndio anapika, wageni mnakula na mnafungiwa cha kubeba, hili la kualikwa halafu uje na sufuria lako ndo nalisikia huku. Nipike cha kutosha wote? Tuko kama ishirini. Nimewaza pilau ila kupanda nalo treni naona soo. Halafu nina marafiki zangu Wakenya wanataka kuja, nikitokea nao itakuwaje? Na pombe situmii, sitaonekana nawaringia?

Mkaa_Tayari
Dada pilau acha. Sio kwamba halitapendwa, hapana, ila pale palikuwa uwanja wa ndege, ukafungwa 2008, 2010 wakafungulia wananchi, 2014 wakapiga kura pasijengwe nyumba, kwa hiyo ni tambarare tupu, mti wa kivuli utautafuta kwa tochi na upepo wake usipime. Pilau litapoa kabla halijamfikia mtu wa tatu, na kila mtu atataka sahani na kijiko.

Piga mishkaki. Jumamosi nenda mtaa wa Sonnenallee kwenye maduka ya wale Waarabu, chukua steki, kata vipande vidogo vya kwetu sio yale matofali wanayochoma wao, tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, pilipili manga, ukwaju kidogo. Papai bichi ukilikosa ponda kiwi moja, inalainisha vilevile. Vijiti viloweke maji visiungue. Na uliza mapema nani analeta jiko na mkaa maana kila mtu hudhani mwenzake ndio analeta. Kuchoma ni sehemu zilizotengwa tu, kukiwa na ukame wanapiga marufuku kabisa, kwa hiyo chungulia tovuti yao asubuhi kabla hujabeba nyama.

Nyali_Ndogo
Mkaa nakupinga hapo. Huyo kaka wa India huenda hali ng'ombe, huenda hali nyama kabisa, na ukianza mishkaki utasimama motoni mchana kutwa moshi unakuingia machoni, saa ngapi utaongea na watu? Na hicho Kijerumani ndo kilichomleta huko.

Mamaa peleka mahamri. Tui la nazi la kopo, hiliki utwange mwenyewe ile ya unga haina kitu, unga chukua wa namba 550, hamira pakiti moja ya gramu 7 inatosha nusu kilo ya unga. Kanda Jumamosi usiku weka kwenye friji, asubuhi unasukuma unakata unakaanga, ukiyatoa yafunge kwenye kitambaa safi usiyafunike na plastiki yatatoa jasho yawe malaini vibaya. Hayataki sahani, hayataki moto, mla nyama na asiyekula wote wanakula. Bandika kikaratasi ukitaja kilichomo, wengine wana aleji wanaona haya kuuliza. Mimi huwa narudi na bakuli tupu na watu wananiandama wasap kutaka maelekezo.

Mzee_wa_Ringbahn
Wote mko sahihi ila hamjamjibu alichouliza.

Binti yangu, watu ishirini hupikii watu ishirini. Kila mmoja analeta cha watu watano sita na bado mtabakiza, maana wale Wasyria nakuhakikishia watatokea saa nane na masinia ya kulisha harusi. Marafiki zako andika kwenye grupu kwanza, sentensi moja tu, jibu litakuwa waje, ila huku watu hawapendi kushtukizwa. Nao waje na chao mkononi hata kama ni tikiti maji. Pombe hakuna atakayekuuliza, beba juisi yako ukae na amani.

Vitu vidogo ambavyo hakuna anayekwambia: Jumapili supamaketi zimefungwa, zilizo wazi ni za stesheni kubwa kama Hauptbahnhof na foleni yake utajuta, kila kitu nunua Jumamosi. Eneo ni zaidi ya hekta 300 na mageti mengi, "tuonane Tempelhofer Feld" haitoshi, mwalimu atume lokesheni. Kama mko upande wa Oderstraße shuka Boddinstraße au Leinestraße, ni treni ya chini ya ardhi U8. Chupa za plastiki na makopo zina Pfand, yaani amana unayorudishiwa ukizirejesha, senti 25, chupa ya kioo ya bia senti 8, usiporudisha dukani ziache zimesimama pembeni ya pipa sio ndani, kuna wazee wanapita kuokota na kuwalazimisha waingize mkono kwenye takataka sio vizuri. Na sweta, hata Juni. Jua linazama saa tatu na nusu usiku hivi na geti zinafungwa, ila ule upepo hausubiri usiku.

BintiPangani
Shikamoo mzee, asante sana, asanteni wote. Nimeshaandika kwenye grupu kuhusu marafiki, mwalimu kajibu ndani ya dakika na vikatuni vya kucheka. Kumbe jiko kweli hakuna aliyejitolea, kaka wa India ndio kasema ataazima kwa jirani yake. Mimi nimeamua mahamri, na mishkaki kidogo tu watachoma hao Wakenya si wanataka kuja. Mkaa hiyo kiwi nailaza na nyama usiku mzima?

Nyali_Ndogo
😂😂 Wakenya tumeshapewa kazi

Mkaa_Tayari
Weeee usithubutu! Kiwi ni nusu saa tu, ukilaza usiku kucha asubuhi unakuta uji. Viungo vingine vilale, kiwi weka ukiwa unajiandaa kutoka. Na hao Wakenya waambie nyama haigeuzwi kila sekunde.