Tupeane uzoefu: baskeli yako ya mwanzo ukubwani uliichaguaje?

mama_fuoni
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina miaka 41 na baskeli nimeijua mwaka huu. Utotoni walipanda kaka zangu, mie nikiambiwa si ya watoto wa kike. Nilipotaka kununua, kila niliyemuuliza alinijibu "chukua ya gia". Hakuna aliyeuliza navaa nini wala naenda nayo wapi.

Basi nikachukua ya gia, yenye bomba la juu. Kupanda nilijitahidi, kushuka ndiko kulikonitesa: baibui linanasa kwenye tandiko na mguu haufiki chini. Wiki mbili nimeanguka mara tatu, moja mbele ya geti la skuli watoto wanatoka. Nikaiuza kwa hasara.

Safari ya pili nikaenda kwa fundi wa mtaani, mtu mzima. Akaniambia, "Mwanangu, nioneshe kwanza unavyoshuka." Akanitolea mtumba wa Japani, fremu imeinama katikati, kikapu mbele, kifuniko cha cheni kizima. Akateremsha tandiko mpaka nyayo zangu zote mbili zikakanyaga chini. Kisha akafungua pedeli, akanituma uwanjani nijisukume kwa miguu tu. (Ukifungua mwenyewe, pedeli ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kufuata saa. Mwanangu aliikaza nusu saa akidhani anailegeza.)

Jioni ya nne nikainua miguu na baskeli ikateleza yenyewe, kama kutoka goli hadi katikati ya uwanja. Nililia, wallahi. Pedeli zikarudi, na tandiko tunalipandisha kidogo kidogo. Fundi anasema tufike pale ambapo kisigino kikiwa kwenye pedeli ya chini, mguu unanyooka.

Naomba na nyinyi mueleze yenu.

wa_chake
Waalaykum salaam dada. Hongera sana. Lakini gia msizitupe, sisi Pemba ni vilima mtindo mmoja. Mie nilinunua Phoenix nyeusi, rimu 28, haina gia, kwa sababu ndiyo niliyozoea kuiona tangu mdogo. Chuma kweli kweli, gunia la mkaa inabeba. Ila kila kilima nakipanda kwa miguu huku naisukuma.

Na kuna la breki. Siku moja masika natoka Wete, nikabana kwenye mteremko, rimu zimerowa, baskeli haisikii. Nikaingia kwenye mihogo ya watu. Tangu siku hiyo nikimsindikiza mtu kununua, breki natazama kabla ya rangi: vipande vya mpira vimebaki unene gani, na vinagusa rimu au vinagusa tairi. Mvua ikinyesha anza kubana mapema, maji yafutike kwanza.

mwani_jambiani
Huku kwetu tambarare, gia sikuzihitaji. Kilichonigharimu ni tairi. Yangu ya Kijapani kama ya mama_fuoni, imeandikwa 26 × 1 3/8. Nikamtuma kijana Darajani alete tairi ya 26, akaniletea 26 × 1.75. Haikuingia hata kwa nguvu. Kumbe 26 hizo mbili hazilingani! Tazameni namba ndogo ubavuni mwa tairi: yangu 37-590, ile aliyoniletea, ya baskeli za gia, 47-559. Namba ya mwisho ndiyo kipimo cha rimu kwa milimita, hiyo lazima ifanane. Kabla hujalipa, muulize fundi wako tairi za namba hiyo anazo.

Na wa pwani wenzangu, mkipita ufukweni maji yakitoka, mkifika nyumbani mwagieni maji baridi yasiyo na chumvi, mkaushe, mtie mafuta kwenye cheni. Yangu ya mwanzo kutu iliila mwaka haujesha.

mama_fuoni
Ahsante dada wa Jambiani, nimetoka sasa hivi na tochi kutazama: 37-590, sawa na yako. Wa_chake, hiyo Phoenix bado unayo? Kaka yangu wa Mkokotoni anatafuta ya kubebea nazi, na kwao hakuna vilima.