Je, kuacha jaketi la kuokoa maisha ni tawakali?

Swali (Amu): Assalamu alaykum. Mjomba wangu ni nahodha wa boti ya abiria baina ya Mokowe na Amu, na hata kusi linapovuma kwa nguvu majaketi ya kuokoa maisha hubaki chini ya viti yamefungwa kamba, kwani husema ajali haina kinga na aliyeandikiwa atakufa tu. Je, hii ndiyo tawakali, yaani kumtegemea Mwenyezi Mungu, nami mpwawe nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Jibu (Shela): Wa alaykumu ssalam, ndugu yangu. Katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mtu alimwuliza Mtume (S.A.W.) iwapo amfunge ngamia wake kisha ategemee, au amwache huru na kutegemea, akaambiwa amfunge, kisha ategemee. Naye Khalifa Umar, alipoacha kuingia Sham (eneo la Syria na jirani zake) iliyokuwa na tauni, alisema kwamba wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuielekea kadari Yake. Tena mjomba wako, naamini, hujaza petroli na kukagua injini kabla ya kuondoka. Basi sababu, yaani njia za kujihadhari, anazishika, ila hii moja ameiacha. Mwendee baada ya Ishaa, mkiwa wawili tu, umwulize kwa adabu ya mwanafunzi.

Jibu (Matondoni): Kwangu lililo zito zaidi ni kwamba abiria ni amana. Mtoto aliyepakatwa na mamaye hakuulizwa kama anaridhia hatari hiyo. Mwombe mjomba ayafungue majaketi hayo na kumvisha kila mtu kabla ya boti kuondoka gatini, kisha dua ya safari isomwe.