MREJESHO: Binti yangu aliyekuwa haoni ubaoni

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kuhusu binti wa miaka 11 anayekunja macho akisoma ubaoni. Asanteni sana. Juisi ya karoti mliyoshauri kanywa wiki tatu, haikusaidia kitu (ila ni tamu). Waliosema akapimwe ndio waliopatia: ana myopia (vya mbali havioni vizuri), picha inaangukia mbele ya retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea picha. Kapewa lenzi za kutoa (za namba hasi, za kuonea mbali), -2.00 kulia na -1.50 kushoto, na silinda kidogo, yaani nguvu ya ziada ya kurekebisha jicho lisilopinda sawa pande zote.

Miwani ya kwanza ilimtia kizunguzungu, sakafu anaiona imeinama. Kurudi, kumbe fundi aliweka mhimili wa silinda (mwelekeo wake kwenye lenzi) nyuzi 80 badala ya 180! Ikarekebishwa bure. Sasa anasoma kibao cha daladala kabla yangu. Kuivaa shuleni ndio bado vita, wenzake wanamwita "profesa".