Wauza piki za gitaa, acheni kutuambia "zote ni sawa"!

Wakuu, leo nina hasira na sitaimeza. Jumapili waya wa kwanza umenikatikia katikati ya pambio, kanisa zima limesimama linaimba. Na kosa si la waya! Ni la piki, kile kipande cha plastiki cha kucharazia nyuzi, nilichouziwa kwa maneno "chukua yoyote kaka, zote ni sawa".

Mwezi uliopita nilinunua pakiti ya piki kumi, zote zimeandikwa 0.71, yaani unene wa milimita 0.71. Tangu siku ya kwanza mkono ukagoma. Ridhimu niliyoipiga miaka minne ikawa inanikwama: piki moja inapita laini, nyingine inang'ang'ania waya kama kanga iliyonasa kwenye mwiba. Mwalimu wa kwaya akasema nimezembea mazoezi. Nikamwamini. Kila usiku saa mbili nzima nimejifungia chumbani, hadi kidole gumba kikavimba. Wiki tatu nimejilaumu bure.

Shemeji yangu ni fundi wa kuchonga vyuma, ana venia, kile kipimo cha chuma cha kupimia unene. Tukazimwaga piki mezani kwake tukapima moja moja. Ya kwanza 0.58. Ya pili 0.94! Zilizokaribia 0.71 zilikuwa mbili tu. Halafu akaniambia nipitishe ukucha ukingoni. Vimeno vitupu, plastiki imekatwa ikaachwa hivyohivyo bila kusuguliwa. Kumbe nilikuwa napiga msumeno juu ya waya wangu.

Mtu atasema sehemu ya milimita ni kitu gani. Ndugu, ni kila kitu. Piki ya chini ya 0.60 inapinda ikigusa waya, inateleza juu ya nyuzi zote sita, ndiyo tamu kwa kukung'uta gitaa kavu. Peleka hiyohiyo kwenye sebene uone: inapinda kwanza ndipo waya ulie, na wewe umeshaachwa nyuma. Kuanzia 0.88 karibu haipindi, nota inatoka palepale, safi, lakini kwenye ridhimu mkono ukiwa mzito inagonga badala ya kucharaza. Mimi ni mtu wa ridhimu, kwangu ni 0.73. Mwenzangu wa solo anatumia 1.14 na hatuazimani.

Na jasho je? Naironi laini isiyo na vipele vya kushikia, kwa joto la Dar, wimbo wa tatu tu imeshazunguka vidoleni.

Inaniuma zaidi kwa sababu jambo hili lilishatatuliwa zamani. Kuna piki zilizokuwa zikichongwa kwa gamba la ng'amba, kasa huyuhuyu wa bahari yetu, hadi biashara yake ya kimataifa ilipopigwa marufuku miaka ya 1970. Mwaka 1981 Dunlop, kampuni ya vifaa vya gitaa, wakaleta piki za plastiki ziitwazo Tortex kushika nafasi yake, na kila unene ukapewa rangi: nyekundu 0.50, chungwa 0.60, njano 0.73, kijani 0.88, bluu 1.0, zambarau 1.14. Ukiidondosha jukwaani unajua unaokota ipi. Sasa mtu analeta pakiti isiyo na jina la mtengenezaji, rangi kachanganya kama peremende, namba kachapa anayoijua mwenyewe, halafu mwanafunzi wa gitaa anaambiwa hana kipaji. Wangapi wameacha gitaa kwa sababu hiyo?

Na asije mtu kuniambia Mwenda Jean Bosco, yule mpiga gitaa gwiji wa Kongo, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada. Alichagua vidole vyake, vikamtii. Mimi nilichagua 0.71 nikapewa kitu kingine.

Kesho narudi dukani na pakiti yangu, na venia ya shemeji mkononi. Mwenye kujua duka la Dar linaloruhusu mteja ajaribu piki kwenye gitaa kabla hajalipa, aniandikie mtaa hapa chini. Nahitaji 0.73 sita kabla ya Jumapili.